Ule Mimi Haiko Mimi

Hombo, tarehe 3 Machi 2024

Noëlla mutoto wangu,

Barua yako ilifika na harufu ya samaki, kwa sababu Guylain aliifunga pamoja na sambaza za Bweremana. Nimeisoma hivyo hivyo. Huyu Guylain na pikipiki yake, siku moja atatuletea barua zimekaangwa!

Nimefurahi kusikia muko wazima kule Kingi. Shule imefungwa, najua, na walimu tumetawanyika, lakini sitakusikitikia, maana hutaki. Mutihani wa kuingia chuo cha walimu Bukavu uko mwezi wa saba. Pale watakupa karatasi nyeupe uandike hadithi kwa Kingereza, na hawatakuuliza kama shule yenu ilikuwa na paa. Basi tuendelee hivi kwa barua. Simu zinachukuliwa ku bariere za barabarani, lakini karatasi ya shule hakuna anayeitamani.

Sasa devoir, kazi yako ya nyumbani. Hadithi zote ulizoniandikia, "mimi" ni Noëlla, mutoto muzuri, anaamuka mapema, anachota maji, anasali. Nimechoka naye! Mara hii andika "mimi" ambaye si wewe. Mupe kosa kubwa. Usimuhukumu, muache aseme mwenyewe. Muweke mahali unapopajua kwa macho, nyumba ya kweli, njia ya kweli, kisha uvumbue yote yaliyobaki. Na weka kitu kimoja cha kushika kwa mukono.

Mimi niko salama hapa duka la kaka yangu Jérôme. Nauza chumvi na sabuni, nasahihisha devoir juu ya magunia. Unamukumbuka Stéphane, mutoto wa Papa Élie jirani yenu, niliyemufundisha Kingereza mbele yako? Ni yeye anayepakua magunia hapa. Kingereza chake hakijamutoka, ila hasemi sana tangu baba yake alichukuliwa. Anawasalimu.

Mwalimu wako,
Kaswera

*

Kingi, tarehe 10 Machi 2024

Madame Kaswera,

Salamu kutoka kwetu wote. Baba yangu Papa Faustin anasema nikuulize kama Kingereza kinaweza kupalilia maharagi, sababu yeye anaona majani tu na mimi naona karatasi tu. Nilimujibu Madame atajibu. Usimujibu, ataringa.

Devoir iko ndani. Ilinipa taabu, ee! Ule "mimi" ni mwanaume, mulimaji, jirani ya muzee mumoja. Watu wa bunduki wanamukuta ku shamba yake ya maharagi, wanamuuliza nyumba ya muzee. Barabara iko pale, kila mutu anaiona. Lakini yeye anawapitisha njia ya ndani, mu migomba, ile wanajua tu majirani, juu muzee asiwaone mbali akakimbia. Wanamukamata muzee, wanaenda naye. Bote zake za mvua zinabaki ku mulango ya buluu, na matope yake. Mbwa analia mupaka magaribi. Nilimuuliza ule mutu juu ya nini alifanya vile. Mustari mumoja anasema ni uoga, mustari wa chini anasema ni wivu. Sikumufahamu mupaka mwisho.

Nyumba nilikamata ya Papa Élie, sababu ulisema nyumba ya kweli. Majina nilibadirisha. Unajua vile hapa Kingi, tangu Papa Élie achukuliwe mwaka jana, kila mutu anauliza chini chini: nani aliwaonesha njia ya migomba? Hakuna anajibu. Nami nilijiuliza, nikajibu kwa Kingereza. Hapa hakuna mutu anakisoma, njo maana sikuogopa.

Lakini Madame, wakati niliandika "mimi nilitangulia mbele yao", mukono yangu ilikuwa sawa ya mutu mwingine. Ni kawaida?

Mwanafunzi wako,
Noëlla

*

Hombo, tarehe 17 Machi 2024

Noëlla,

Ni kawaida. Siku mukono ukikuwa wako tu, ujue umeandika vibaya.

Mutoto, nimesoma hadithi yako nimesimama, mukate umeungua. Pembeni nimeandika kwa biki nyekundu: "Huyu mutu ninamuona. Ninamuogopa." Sijawahi kumuandikia mwanafunzi maneno hayo, na usivimbe kichwa, maana sasa nakuja na makosa.

Kwanza mbwa. Mbwa wa nini? Kila hadithi ya shule ina mbwa anayelia. Umemuokota kwa hadithi za wengine, muondoe. Pili, bote. Bote ni nzuri sana. Lakini umeziweka ku mulango ukazisahau! Kitu ulichokiweka mbele ya macho ya musomaji kinamungojea mupaka mwisho. Bote zirudi. Namna gani, utafute mwenyewe.

Kingereza chako kimesonga mbele. Makosa mengine nimeyapiga alama ndani. Guylain atapita kesho asubuhi, kwa hiyo naacha karatasi pamoja na hii barua juu ya meza ya duka, chini ya mizani.

Na umuambie Papa Faustin kwamba Kingereza hakipalilii, lakini kinamupunguzia midomo ya kulisha nyumbani. Muambie hivyo na umuangalie sura.

Kaswera

*

Hombo, tarehe 18 Machi 2024

Noëlla,

Toka Kingi leo hii unaposoma. Wewe na baba yako. Muende Bweremana kwa shangazi yako Rosalie, musichukue vitu.

Ni kosa langu. Asubuhi nimekuta barua yangu chini ya mizani, lakini hadithi yako haiko. Na Stéphane haiko. Kaka Jérôme anasema amepanda lori ya chumvi alfajiri, hakuomba ruhusa, hakubeba hata koti. Amesoma nyumba ya baba yake. Amesoma njia ya migomba. Amesoma "mimi nilitangulia mbele yao", na pembeni amesoma maandishi yangu mimi mwenyewe, mwalimu wake, kwamba namuona mutu huyo na namuogopa. Anafikiri ni kweli, Noëlla. Anafikiri umeandika ulichokiona, ao ulichokisikia nyumbani kwenu.

Na watu wamenambia hapa kwamba anafahamiana na vijana wenye bunduki wa upande wenu. Sikujua. Guylain hajafika, pikipiki imekufa Bunyakiri, kwa hiyo hii naipa dereva yeyote atakayepita.

Kimbia, mutoto wangu.

Kaswera

*

Kingi, tarehe 20 Machi 2024

Madame,

Mbona kimya? Guylain hajapita, nami niko nahesabu tu pikipiki za wengine. Njo unaona hadithi yangu mubaya sana mupaka unashindwa kuandika? Sema tu, nitavumilia.

Niko nawaza kuandika ingine, ya kuchekesha, ile "mimi" awe mbuzi ya Papa. Papa alisikia, akasema niangalie mbuzi asijue Kingereza kumupita yeye.

Habari ya hapa: mvua mingi, maharagi inaota vizuri. Jana ku soko, mutu mumoja aliuliza kama Papa Faustin iko nyumbani siku hizi. Mama muuza sombe alimujibu, sauti yako ni ya mutoto wa hapa, unauliza nini? Anasema alikuwa na kofia chini ya macho, hakumujua vizuri. Papa anafikiri ni mununuzi wa maharagi. Nitafurahi akiwa mununuzi, tutapata kununua karatasi.

Noëlla

*

Hombo, tarehe 21 Machi 2024

Stéphane,

Guylain amefufua pikipiki na anakutafuta kwa ajili yangu. Ukimuona, usimufanye kitu. Keti, usome.

Mimi njo nilimupa Noëlla ile devoir. Nilimuambia: chukua nyumba ya kweli, vumbua mutu. Wewe pia nilikufundisha hivyo, kiti cha nyuma karibu na dirisha, umesahau? Uliniandikia "mimi" mwizi wa ng'ombe, na ukoo wenu hawajawahi kuiba hata kamba. Nilikuita mwizi?

Umesoma bote ku mulango ukasema: huyu alikuwa pale. Lakini ku mulango wa mulimaji gani wa kwenu Masisi hakuna bote? Na mbwa je? Soma tena, umepita mbwa. Wewe mwenyewe ulinambia mbwa wa baba yako alikufa kabla ya siku ile, ukamuzika nyuma ya jiko. Mutu aliyekuwa pale angesikia mbwa gani?

Mimi sijui nani alimuonesha baba yako kwa wale watu. Noëlla hajui. Naomba, Stéphane. Nakuomba kama mutu anaomba kwa magoti. Usiende na mutu kwa sababu ya karatasi niliyoiomba mimi.

Kaswera

*

Kingi, tarehe 24 Machi 2024

Madame Kaswera,

Naandika na Stéphane iko pembeni yangu. Anasoma kila mustari mbele wino ikauke. Guylain anangoja inje abebe hii barua, hajazima pikipiki.

Stéphane alifika juzi. Hakunigusa. Alitoa hadithi yangu mu shati, akanisomea kwa Kingereza, kisha akageukia Papa akamuambia kwa Kiswahili: ule "mimi" ni mwanaume, ni jirani, iko na shamba ya maharagi chini ya migomba. Nani mwingine kama si wewe? Papa hakufahamu hata kitu, aliniangalia mimi. Madame, aliniangalia akaniuliza, "Noëlla, uliandika nini juu yangu?" Ile njo iliniumiza kupita yote.

Sasa Papa amefungwa mikono mu jiko. Ku mulima kuko vijana wawili wa bunduki, Stéphane akiwapungia mukono wanashuka, na Papa ataenda ile njia walipitisha Papa Élie. Najua hivyo, Stéphane amenambia, na sasa anasoma kama nimeandika vizuri.

Barua yako ya kunambia tukimbie ilifika leo mu mikono ya Guylain, dereva uliyemupa alimuachia njiani, pamoja na ile ya Stéphane. Guylain alikuta Stéphane ku mulango, akamupa zote. Stéphane amesoma ile yangu kwanza. Ameniuliza: "Mutu bila kosa anakimbia nini? Madame anajua kitu." Kisha alisoma ile yake. Alipofika kwa mbwa, alisoma mara mbili. Akatoka inje, akarudi, akasema mbwa peke yake haitoshi, mutu anaweza kuweka mbwa wa uongo juu ya kuficha.

Anataka umuandikie jina ya ule "mimi". Anangoja mupaka Guylain arudi na jibu yako. Nilimuambia jina haiko. Anasema kila "mimi" iko na jina.

Nimemuomba kitu kimoja, naye hajakataa. Nimemuambia: nipe karatasi, nitaandika ile siku tena mbele ya macho yako, na "mimi" mwingine, alafu mwingine, mupaka uone vile inafanyika. Kama naweza kuwa kila mutu, basi sikuwa ule. Anasema jaribu.

Sijui kama mukono utakubali. Niombee.

Noëlla

*

Kingi, tarehe 27 Machi 2024

Madame,

Ni mimi Stéphane, sikungoja jibu yako. Naandika haraka, Guylain hajarudi na pikipiki ya mutu mwingine inawaka.

Huyu mutoto Noëlla aliketi chini mbele yangu, anasikia papa yake akilia mu jiko. Aliandika ya kwanza: "mimi" ni mumoja ya wale wenye bunduki, iko na njaa, viatu vyake vimepasuka, anaangalia bote za papa yangu ku mulango na anazitamani. Nikamuambia hii kila mutu anaweza kufikiri. Alivuta karatasi ingine, hakubishana.

Ya pili, "mimi" ni mutoto wa ule muzee. Iko mbali, anapakua chumvi. Simu inalia, anaona jina ya papa yake, mikono iko na gunia, anasema mu roho: nitamupigia kiisha.

Madame, papa alinipigia siku ile walimuchukua. Niliona jina yake. Nilikuwa juu ya lori, Jérôme anapiga kelele tuharakishe, nikasema nitamupigia kiisha. Sijaambia mutu. Jérôme hajui, wewe hujui, hata padri hajui. Nikamushika Noëlla mukono kwa nguvu, nikamuuliza nani alikuambia. Alinijibu: "Hakuna. Nilifikiri tu kama mutu iko mbali, simu inamulilia wakati mubaya. Nisamehe kama inakuumiza."

Nilibaki na ile karatasi. Kama ile aliivumbua, na ni kweli vile, basi alikuwa mu mufuko yangu? Hakuwa. Hata ku mulango ya papa hakuwa. Bote alizipata pahali alipata simu, mu kichwa yake tu. Nilifungua Papa Faustin mimi mwenyewe, vidole vilikuwa vimevimba, havikunjiki. Nilimupigia magoti. Alisema "simama, unachafua suruali." Wale vijana niliwaambia waende. Walinitukana, wakaenda na mbuzi ya Papa Faustin.

Kisha nilimuomba Noëlla moja ya mwisho. "Mimi" awe papa yangu. Alikataa. Alisema ile ninaogopa. Papa Faustin njo alimuambia kwa sauti ya chini, "Umuandikie." Niko nayo hapa mu shati. Mwisho inasema: "Nilitoka bila bote zangu, sababu nilifikiri ni maneno kidogo tu, nitarudi sasa hivi."

Tangu mwaka jana sikulia, Madame. Nimelia mbele yao sawa mutoto. Njia ya migomba, sijui nani aliionesha, na labda sitajua. Naogopa vile nilikuwa karibu kuionesha mimi.

Muambie Jérôme anisamehe. Nitarudi ku kazi kama anakubali.

Stéphane

*

Kingi, tarehe 7 Aprili 2024

Madame Kaswera,

Barua zako zote zimefika, hata zile za kuomba msamaha. Acha, usirudie. Wewe uliniomba hadithi, nami nilikupa, na wote wawili hatukujua inatembea mbali vile.

Siku Stéphane aliandika barua yake, tulifikiri ameenda. Kesho yake alirudi asubuhi. Alikuwa amepita kwanza ku nyumba ya papa yake, ile imefungwa tangu mwaka jana. Alikuja na bote mu mukono. Zilikuwa bado na matope, Madame, imekauka sawa jiwe. Alizisugua ku mutaro yetu mupaka zikaangaza, akazisimamisha ku mulango yetu, akamuambia Papa: "Papa Faustin, mvua iko mingi, zako zimetoboka. Uvae hizi." Kisha alienda, hakunywa hata chai.

Papa hakuzivaa. Siku mingi alizipita pale sawa mutu anapita mugeni amelala. Vidole vyake havijapona vizuri, hawezi kushika jembe kwa nguvu, na kila nikiona vile natamani kuchoma biki zote. Hakunisemesha. Nilipalilia maharagi peke yangu, na sikuandika kitu. Niliamua kukuandikia kama naacha, mutihani ufanywe na wengine.

Leo asubuhi nilisikia kishindo ku mulango. Papa alikuwa ameketi chini, anaingiza muguu mu bote ya Papa Élie, na vidole vinakataa kuvuta. Nikaenda nikavuta mimi. Muguu moja, na ingine. Zinamutosha. Alisimama, akakanyaga kidogo, akaangalia njia ya migomba, kisha akaniangalia mimi, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Bado unaandika ile Kingereza yako?" akaniuliza.

Nikamuambia naacha, Papa.

"Sikusema uache. Nasema hivi: ukiandika 'mimi', umusomee baba yako kwa Kiswahili kwanza, mbele Madame aone. Ningeisikia ile ya kwanza, ningekuambia mapema, mulango ya Élie haikuwa buluu."

Akachukua jembe na mukono ya kushoto, akaenda shamba. Madame, devoir yangu iko ndani, mbwa nimemuondoa. Nimemusomea Papa yote. Ameniambia mahali mbili nisahihishe, na nimesahihisha.

Mwanafunzi wako,
Noëlla